Kompyuta ya gemu inunuliwe kwa namba ya kila kifaa, si kwa jina la "Core i9"

Ndugu Mhariri,

Tangazo la kompyuta ya gemu hapa Mbeya, Iringa au Njombe mara nyingi ni mstari mmoja: "Mashine kali, Core i9, RAM 32, SSD 1TB, bei maelewano." Kadi ya grafiki, ikitajwa, inaitwa "8GB" basi. Pawa saplai haitajwi kabisa. Anayetoa mamilioni kwa maneno hayo ananunua gunia lililoshonwa mdomo, hajui ndani ni mahindi au pumba. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze mnunuzi aulize nini, aanze na kipi, na kwa nini mashine iliyopangwa kwa ajili ya Dar es Salaam inataka kupangwa tena kidogo ikipanda huku Nyanda za Juu Kusini.

Tuanze na hayo majina. "Core i9", jina la familia ya prosesa za Intel, imekuwa sokoni tangu 2017. Core i9-9900K ya 2018 ina kori (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) 8, Core i9-14900K ya 2023 ina kori 24. Zote mbili muuzaji anaziita i9 na hasemi uongo. Core i7-2600 ya 2011 yenye kori 4 bado inapita mitaani ndani ya makasha mapya yenye taa za rangi, na bado ni i7. Kwenye kadi za grafiki mambo ni mabaya zaidi. RTX 3060 ya Nvidia ilitoka yenye memori 12GB, baadaye ikatoka nyingine yenye 8GB na njia nyembamba ya memori, jina lile lile. RTX 5060 Ti ya 2025 ipo ya 8GB na ya 16GB. RTX 4090 ya laptopu ina 16GB na chipu ndogo kuliko RTX 4090 ya mezani yenye 24GB. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni namba kamili ya kila kifaa, herufi ya mwisho ikiwemo. Muuzaji asiyeijua aifungue mashine, aisome.

Sasa, uanze na kipi? Wengi huanza na prosesa. Sisi tunasema anza na skrini, kwa sababu skrini ndiyo inayoipa kadi kazi. Skrini ya 1080p ina nukta (pikseli) milioni 2.07, ya 1440p ina milioni 3.69, ya 4K ina milioni 8.29, yaani mara nne kamili ya 1080p. Kadi inazipaka nukta zote hizo mara 60, 144 au 240 kila sekunde. Mtu akinunua kadi ya bei mbaya kisha akaiunganisha na televisheni ya 1080p yenye hezi 60 (picha 60 kwa sekunde), kadi inalala muda mwingi. Akinunua skrini ya 4K na kadi ya kati, atashusha mipangilio ya gemu mpaka picha iwe mbaya kuliko aliyokuwa nayo.

Kwa mashine ya daraja la juu huku kwetu, chaguo letu ni skrini ya inchi 27, 1440p, hezi 144 hadi 240, na kadi ya RTX 5070 Ti ya Nvidia au RX 9070 XT ya AMD. Zote mbili zilitoka mapema 2025, zote zina 16GB. Ya kwanza inakula wati 300, ya pili 304. Bei zake za kuzinduliwa Marekani zilikuwa dola 749 na dola 599. Ukiona bei ya huku, toa nauli na kodi, kisha jiulize kilichobaki kinaenda wapi. RTX 5080 inakula wati 360, ina 16GB zile zile, na ni ya mtu anayetaka 4K kweli. RTX 5090 ina 32GB na inakula wati 575 peke yake. Hiyo tunaishauri kwa mtu anayeitumia pia kwa kazi, mfano kutengeneza filamu za katuni au kufundisha programu za akili mnemba. Kwa gemu tupu, hasara yake iko ukutani, kama tutakavyoeleza.

Kadi ya 8GB isiitwe tena ya daraja la juu, hata iwe mpya kiasi gani. Gemu kubwa za sasa zikiwekwa picha kali hujaza hizo 8GB. Kinachozidi kinaenda kukaa kwenye RAM ya kompyuta, na kukichukua huko ni safari ndefu kupitia mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote). Matokeo yake unaona wastani mzuri wa fremu kwenye kona ya skrini, lakini kila ukigeuza kichwa cha mchezaji picha inakwama. RTX 5060 Ti inaumia zaidi kwa hilo kwa sababu inatumia njia 8 tu za PCIe (tundu linaloiunganisha kadi na mazabodi) badala ya 16, hivyo kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 njia hiyo inazidi kuwa finyu.

Tukifika kwenye umeme ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo mtuvumilie.

Mashine yenye kadi ya wati 300, prosesa inayokula 80 hadi 120 wakati wa gemu, feni, diski na skrini, inavuta ukutani kati ya wati 500 na 550. Cheza saa 4 kila siku kwa siku 30, hizo ni uniti 60 hadi 66. Mteja wa nyumbani wa TANESCO aliye kwenye daraja la D1 anapata bei nafuu kwa sharti la kutovuka uniti 75 kwa mwezi, na ukivuka, bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Kompyuta peke yake imekwisha meza karibu zote kabla ya friji, pasi na taa. Ukiweka RTX 5090, mashine inavuta karibu wati 800 na hesabu inafika uniti 96. Mzazi anayelipa LUKU alijue hilo kabla, isije ikawa ugomvi wa kila mwezi.

Pawa saplai yenyewe isomwe lebo. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, chukua idadi ya ampia, zidisha kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 850 itakuonyesha ampia 70 hivi, na 70 mara 12 ni 840. Zile zinazokuja bure ndani ya keisi, zimebandikwa "600W", ukisoma lebo unakuta ampia 18 kwenye 12V, yaani wati 216, na hapo hujaiunganisha kadi. Kadi na prosesa zinakula 12V karibu peke yake, kwa hiyo wati zilizotangazwa kwenye 5V na 3.3V hazikusaidii. Alama nyingine mbaya ni swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115/230. Saplai ya kisasa haina swichi hiyo, inapokea volti 100 hadi 240 yenyewe. Yenye swichi, mtoto akiisogeza kwenda 115 kisha ukawasha kwenye volti 230, inalipuka papo hapo.

Kwa RTX 5070 Ti kiwango cha chini kinachopendekezwa ni wati 750, kwa RTX 5080 ni 850, kwa RTX 5090 ni 1,000. Chukua ya 80 Plus Gold (alama ya kutopoteza umeme mwingi) yenye kiwango cha ATX 3.1, maana imetengenezwa kuhimili kadi inaporuka ghafla juu ya wastani wake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Saplai dhaifu ndiyo inayofanya mashine ijizime katikati ya mchezo na kuwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wanabadilisha RAM na kupiga Windows upya mara tatu, kumbe tatizo liko chini ya kasha.

Kadi za Nvidia za daraja hili zinatumia plagi moja ndogo ya pini 12 kubwa na 4 ndogo. Plagi hiyo ikipitisha wati 600, kila pini ya umeme inabeba zaidi ya ampia 8, na nafasi iliyobaki kabla ya kikomo chake ni ndogo. RTX 4090 za mwanzo, 2022, ziliyeyusha plagi hasa pale ambapo haikuingia mpaka mwisho. Toleo lililorekebishwa linaitwa 12V-2x6, pini zake ndogo ni fupi zaidi ili kadi igome kuvuta umeme mwingi kama plagi haijakaa sawa. Lakini bado: sukuma mpaka usikie mlio, vuta kidogo kuhakikisha, na usiukunje waya ndani ya sentimita 3.5 kutoka kwenye plagi. Keisi nyembamba ambayo mlango wake wa kioo unaukandamiza waya huo haifai kwa kadi hizi.

Stabilaiza. Hapa tutapingana na maduka mengi. Pawa saplai nzuri inapokea umeme mdogo bila kulalamika: volti zikishuka hadi 180 kwenye nguzo ya mwisho ya laini, inavuta ampia nyingi zaidi, yaani wati 500 zinatoka ampia 2.2 hadi 2.8, basi. Stabilaiza ya relei kila inapolia "tak" inakata umeme kwa kitambo kidogo, na iliyo ndogo kuliko mzigo ndiyo inayoizima mashine. Pesa hiyo ipeleke kwenye UPS yenye kirekebisha volti ndani yake. UPS ya 650VA iliyojaa madukani inatoa wati 360 hadi 390 tu. Mashine yetu ya wati 550 itaizima siku ya kwanza. Angalia wati, usiangalie VA. Chukua 1,500VA yenye wati 900, na uulize wimbi lake: saplai za kisasa zenye PFC hai (saketi inayosawazisha umeme unaovutwa) wakati mwingine hugoma kwenye UPS au inveta ya sola inayotoa wimbi la ngazi, mashine inazima umeme ukikatika kana kwamba UPS haipo. Wimbi safi ("pure sine wave") ndilo linalotakiwa. Dakika 5 hadi 10 za betri zinatosha kuhifadhi na kuzima. Anayetaka kumaliza mechi kwa betri anatafuta kitu kingine na bei nyingine.

Waya wa ardhi ndio unaosahaulika zaidi. Ukigusa chuma cha keisi ukahisi kuwashwa, usiambiwe ni kawaida. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili zinazomwaga mkondo mdogo kwenye ardhi. Kama soketi haina ardhi, au ekstensheni ni ya pini mbili, mkondo huo unakaa kwenye keisi na kuipandisha hadi karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115. Mkondo wenyewe ni mdogo kwa mtu, lakini ukichomeka waya wa HDMI kwenye televisheni iliyo kwenye soketi nyingine, tundu la HDMI linaweza kuungua. Na kinga ya radi iliyo kwenye ekstensheni haina pa kuutupa umeme kama ardhi haipo. Fundi umeme apime nondo ya ardhi wakati wa kiangazi, siyo masika, kwa sababu udongo ukikauka ndipo ardhi inapodhoofika. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ikianza, chomoa waya ukutani na chomoa pia waya wa intaneti na wa antena. Kuzima swichi hakutoshi. Umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika chache kwanza.

Sasa baridi yetu. Kuna wanaosema Mbeya hakuhitaji feni nyingi kwa kuwa ni baridi. Ni kweli nusu. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 16 hata ukihesabu ubaridi wake. Feni inasukuma ujazo ule ule, lakini hewa hiyo inabeba joto pungufu. Kadi iliyokuwa nyuzi 45 juu ya joto la chumba kule pwani, huku itakuwa kama 50 juu ya chumba. Chumba chenyewe kikiwa nyuzi 18 badala ya 28 bado tunashinda, ila ushindi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, na ukifunga madirisha usiku wa kipupwe huku mashine inamwaga wati 500 ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu, baridi yenyewe inaondoka ndani ya saa moja. (Kwa Njombe mwezi Julai kuna wanaoihesabu hiyo kuwa faida.)

Jambo ambalo hata mafundi hawalisomi: pawa saplai nyingi zina alama ya mlima na maandishi ya mita 2,000. Maana yake imepimwa kuwa salama mpaka urefu huo. Hewa nyepesi inazuia umeme vibaya zaidi, hivyo nafasi kati ya sehemu zenye volti kubwa inapaswa kuwa pana zaidi ukipanda. Mbeya mjini na Iringa mjini hakuna shida. Kwa anayeishi Makete au kuelekea Kitulo, ambako uwanda unafika mita 2,600, atafute iliyoandikwa mita 5,000, zipo.

Kipoozeo cha prosesa tunapendekeza cha hewa, minara miwili na feni mbili za milimita 120. Kinatosha kabisa kwa Ryzen 7 9800X3D, prosesa ya AMD tunayoieleza hapo chini. Cha maji chenye radieta ya milimita 360 ni kizuri na kinapendeza machoni, lakini pampu yake ikifa Sumbawanga au Mafinga, mashine imelala mpaka nyingine itoke mbali. Feni ya 120 unaipata popote. Anayeng'ang'ania maji ahakikishe radieta, na siyo pampu, ndiyo iliyo juu kabisa, la sivyo hewa inakusanyika kwenye pampu, inaanza kukoroma na kisha kufa.

Prosesa kwa gemu leo ni hiyo 9800X3D, ya Novemba 2024, kori 8, yenye kashe (memori ya haraka ndani ya prosesa) ya 96MB ambayo ndiyo siri yake. Ndugu yake mkubwa 7800X3D ya 2023 bado ni nzuri sana na ikipatikana kwa bei nafuu tungeichukua bila kusita. Kwenye skrini ya 4K tofauti yao ni ngumu kuiona, maana huko kadi ndiyo inayofika kikomo kwanza. Kori 16 hazikuongezei kitu kwenye gemu. Kuhusu Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, tahadhari: Intel ilikiri 2024 kwamba zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika taratibu, ikatoa marekebisho ya BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye mazabodi) na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi iliyokwisha kuharibika. Dalili yake ni gemu kujifunga na kudai memori ya kadi imejaa wakati haijajaa.

Mazabodi isiwe mahali pa kujionyesha. B650 au B850 yenye hitisinki (chuma cha kupozea) nzuri pembeni ya soketi inaendesha 9800X3D bila shida. Tofauti ya bei hadi X870E ni matundu ya USB na nafasi za diski. Mambo mawili tu. B650 iliyokaa stoo tangu kabla ya mwisho wa 2024 inaweza isiitambue prosesa hiyo mpaka BIOS isasishwe, kwa hiyo chagua yenye kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa. Na kwenye AM5, soketi ya prosesa hizi za AMD, pini ziko kwenye soketi, siyo kwenye prosesa. Kabla hujalipa, fungua kifuniko, piga picha ya karibu kwa simu, ivute uikague; pini moja iliyolala ndiyo sababu ya bodi nyingi zinazouzwa "kama mpya" kwa bei ya kushangaza.

RAM: vipande viwili vya 16GB, DDR5-6000 CL30 (6000 ni kasi, CL30 ni muda wa kusubiri), kwenye matundu ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Usichukue vinne, maana vinne vinailazimisha mashine ishushe kasi. Usichukue kimoja cha 32GB, maana unapoteza njia ya pili. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba, na hapo ndipo vipande vya kutilia shaka vilipoanza kuonekana. Baada ya kufunga, washa EXPO (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS, la sivyo memori uliyoilipia 6000 itakimbia 4800 maisha yake yote. Na mashine ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikijipima memori. Usikate umeme. Wengi wanakata, wanawasha, inaanza upya, na kifaa kizima kinarudishwa dukani.

Diski haina mengi: NVMe (SSD ndogo inayochomekwa kwenye mazabodi) ya PCIe 4.0 yenye 2TB, kasi ya 7,000MB kwa sekunde inatosha, ya PCIe 5.0 inaongeza joto kuliko inavyoongeza raha. Ondoa plastiki kwenye pedi ya hitisinki yake. Iliyotumika ipimwe kwa programu ya CrystalDiskInfo uone saa ilizofanya kazi. Mpya ya bei ya kutupwa ipimwe kwa programu ya H2testw, maana kuna zinazodai 2TB na ndani zina 128GB.

Keisi iwe na wavu mbele, siyo kioo. Feni tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa, zote zikiwa na chujio upande wa kuingiza: hewa ikiingia zaidi ya inayotoka, vumbi la kiangazi halinyonywi kupitia nyufa. Chujio ioshwe kila mwezi kuanzia Juni hadi Oktoba. Pima urefu wa kadi kabla, nyingi zinazidi milimita 300. Na usiweke mashine kwenye chumba chenye jiko la mkaa, masizi na mvuke vinashikana kwenye hitisinki na kufanya utando ambao blowa haiutoi.

Kuhusu safari. Mashine iliyofungwa Kariakoo ikaletwa kwa basi inapita zaidi ya kilometa 800 mpaka Mbeya, na kona za Kitonga na matuta yote njiani. Kadi yenye uzito wa kilo moja na nusu au mbili inaning'inia kwenye tundu moja la plastiki, na kipoozeo cha minara kinakaribia kilo. Vyote viwili vitolewe, visafiri ndani ya maboksi yake. Vilevile mzigo ukifika alfajiri ya Julai ukiwa baridi kama chuma, uache chumbani saa mbili au tatu kabla ya kuwasha ili umande ukauke. Bora zaidi, nunua vifaa vikiwa kwenye maboksi, vifungwe huku. Anayefunga ajue makosa yanayoua: plagi ya prosesa ya 4+4 kuchomekwa kwenye kadi inayotaka 6+2, zinafanana ila umeme wake umepangwa kinyume, na nyaya za pawa saplai ya kampuni moja kutumika kwenye ya kampuni nyingine. Upande wa pawa saplai hakuna mpangilio mmoja wa pini, na kosa hilo linaunguza diski zote kwa sekunde moja. Kosa lisiloua lakini tunaliona kila mara ni waya wa skrini kuchomekwa kwenye mazabodi badala ya kadi, au Windows kuachwa kwenye hezi 60 wakati skrini ni ya 240.

Kabla ya kulipa mashine iliyokwisha kufungwa, fungua GPU-Z. Kadi za zamani zilizobadilishwa jina programu hiyo huziumbua mara nyingi. Endesha programu za kuichosha mashine, FurMark na OCCT, nusu saa huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto. Kadi ibaki chini ya nyuzi 80, 9800X3D isiguse 95. Muuzaji anayesema hana nusu saa, na wewe usiwe na pesa.

Ombi letu kwa wenye maduka ya Mwanjelwa, Kabwe, Miyomboni na kwingineko ni dogo. Kwenye risiti andikeni namba kamili ya prosesa, kadi pamoja na memori yake, mazabodi, RAM, diski na pawa saplai, na namba ya utambulisho ya kadi na ya pawa saplai. Andikeni pia waranti inashikwa na nani: duka lenyewe, au msambazaji wa Dar, na nauli ya kwenda na kurudi ni ya nani. Na mnunuzi akikuta stika ya namba hiyo imebanduliwa kwenye kadi, aiache hapo hapo juu ya kaunta.

Mafundi wa kompyuta,
Mbeya